Mgema Aliyenunua Sifa

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii husemwa kila siku na watu ambao hawajapata kuonja tembo maishani mwao, nao huisema kwa maana ile ile moja: mwenye kusifiwa hubweteka, na kazi yake ikaharibika. Ni maana sahihi, lakini si yote. Ndani ya maneno hayo machache pana utaratibu mzima wa sifa ambao msemaji huupita bila kuutazama. Yupo mnywaji, aliyelipa na kuonja. Yupo mgema, aliyepanda mnazi alfajiri akateremka na kibuyu chake. Na ipo sifa, itokayo kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili, bure, kwa sababu ulimi umeridhika. Aghalabu hudhaniwa kuwa anayeonywa hapo ni mgema. Yamkini anayeonywa ni mnywaji: asifu kwa kiasi, la sivyo kesho atauziwa maji.

Wahenga, pamoja na werevu wao wote, hawakumfikiria mgema wa namna nyingine. Huyu hangoji kusifiwa. Hutoka nyumbani na fedha mfukoni, akamtafuta mwimbaji mwenye sauti inayopendwa kuliko zote mjini, akamlipa ili alisifu tembo lake mbele ya halaiki kabla halijaonjwa na yeyote. Mgema huyo yupo. Ana kiwanda, ana magari ya kusambaza mzigo, na jina lake limeandikwa juu ya majukwaa ambako vijana wa Afrika ya Mashariki na ya Kati huenda kusikiliza muziki wanaoupenda. Suala linalostahili kupimwa ni la mwimbaji wake. Je, mtu anayeisifu bia kwa ujira ametenda kosa? Na ikiwa ametenda, ni kosa gani hasa?

Msomaji wa mwambao analo jibu la haraka. Kinywaji ni haramu, basi na sifa yake ni haramu, na mazungumzo yamekwisha. Jibu hilo lina nguvu yake, ila linahukumu kinywaji, halihukumu sifa. Mwimbaji yule yule akilipwa asifu sabuni au unga wa ngano, suala litabaki pale pale lilipokuwa, na hukumu ya vileo haitaligusa. Isitoshe, ushairi na kinywaji wamejuana siku nyingi, hata katika nchi ambazo sheria iliwatenga. Abunuwasi, ambaye watoto wa visiwani humjua kama mjanja wa hekaya anayemshinda sultani kwa akili, alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9; na fani iliyompa jina kubwa miongoni mwa Waarabu ni tungo zake za kusifu mvinyo. Katika nyimbo kongwe zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zimo zinazolitaja tembo la mnazi bila haya yoyote. Nao washairi wa tasawufi, wa Kiajemi na wa Kiarabu, walilitwaa neno la mvinyo wakalijaza maana nyingine, hata ulevi ukawa ni mahaba ya mja kwa Mola wake.

Washairi hao walitofautiana karibu katika kila jambo, lakini mvinyo wao haukuwa na chapa. Aliyemsikiliza Abunuwasi aliondoka na hamu, hakuondoka na jina la duka. Sifa ilikiendea kitu chenyewe, au hali ya mtu aliyekinywa, au kilichofichwa nyuma yake. Tofauti hii yaonekana ndogo, nayo ndiyo inayotofautisha zama na zama.

Anayetaka kumwona mgema mpya kazini na autazame mji wa Kinshasa, ambako muziki na bia vilikua kama ndugu walionyonya ziwa moja. Kiwanda cha bia cha mji huo, uliokuwa ukiitwa Léopoldville, kiliasisiwa mwaka 1923, na bia yake ya Primus ikaanza kupikwa mwaka 1926. Mwaka 1956 vijana waliokuwa wakipiga muziki katika baa iliyoitwa OK Bar waliunda bendi, nao wakaipa jina la baa hiyo: OK Jazz. Hivyo bendi ya Franco Luambo, iliyokuja kutawala masikio ya nusu ya bara hili kwa zaidi ya miaka 30, ilibeba jina la mahali pa kunywea tangu siku ya kuzaliwa kwake. Mwaka uliofuata alikuwapo mjini humo kijana aliyekuwa ametoka kifungoni, aliyeajiriwa na kiwanda shindani kuuza bia ya Polar. Alizunguka baa baada ya baa, akanunulia watu vinywaji, akazungumza nao, akajifunza namna ya kuushika umati kwa maneno. Jina lake Patrice Lumumba. Ulimi uliouza Polar ndio uliosimama tarehe 30 Juni 1960 mbele ya mfalme wa Ubelgiji na kumwambia aliyostahili kuambiwa. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa na kila mwenye haraka ya kusema kwamba ulimi ukishauza bia hauwezi tena kusema kweli.

Katika miaka ya Mobutu Sese Seko sifa zilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, naye hakuwa muuza bia. Nyimbo na ngoma za kuitukuza dola zilikuwa kazi ya kila siku, na asiyesifu alijua njia ya gerezani ilipo. Franco mwenyewe alifungwa mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Mwaka 1984 alitoa wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni. Mei 1997 Mobutu alikimbia nchi. Mwishoni mwa mwaka huo huo bendi iliyopendwa na vijana kuliko zote, Wenge Musica, ilipasuka vipande, Werrason upande huu na JB Mpiana upande ule. Mfadhili mkubwa wa sifa alikuwa ameondoka, na kiti chake hakikukaa tupu. Katika nchi iliyochakazwa na vita na uporaji, kampuni za bia zilikuwa miongoni mwa chache zilizosalia na fedha, malori na njia ya kufika kila mtaa. Bralima, wenye Primus, waliokuwa wakati huo chini ya Heineken ya Uholanzi, walimchukua Werrason. Bracongo, wenye Skol, waliokuwa chini ya Castel ya Ufaransa, walimchukua JB Mpiana. Mwandishi wa Ubelgiji David Van Reybrouck, katika kitabu chake kuhusu historia ya Kongo kilichotoka mwaka 2010, alizipa zama hizo sura nzima, akaweka bia upande mmoja na sala upande wa pili, kana kwamba ndizo nguvu mbili zilizokuwa zikigombea roho ya mji.

Matokeo yake yalikuwa jambo ambalo methali ya mgema haikuliota. Mpenzi wa Werrason alikunywa Primus, na mpenzi wa JB Mpiana alikunywa Skol. Ulimi haukuulizwa. Mtu aliyekaa mezani na chupa mbele yake hakuwa tena anahukumu ladha, alikuwa anapiga kura, na kura yenyewe ilihusu ni nani mwenye sauti, mavazi na wachezaji bora. Mnywaji wa methali alikuwa hakimu, hakuna tembo lililopata sifa bila kupita kinywani mwake. Mnywaji wa Kinshasa alivuliwa uhakimu huo bila kupigwa wala kutishwa. Alivuliwa kwa wimbo mzuri.

Hata hivyo kumhukumu mwimbaji wa Kinshasa kutokea mwambao kunahitaji tahadhari, maana aliye katika nyumba ya makuti hachezei moto. Taarab ya Unguja ililelewa ikulu. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga ganuni, na sanaa iliyorejea naye ilikaa kwanza katika kivuli cha aliyeilipia. Hata baada ya kutoka ikulu na kuingia mitaani, taarab haikuacha kuishi kwa mkono wa mtoaji. Mwanamke husimama katikati ya wimbo, akacheza taratibu kuelekea jukwaani na noti mkononi, akamtuza mwimbaji. Na kwa kufanya hivyo huufanya ubeti ule kuwa wake, awe anamjibu mke mwenziwe au jirani aliyemsengenya. Hakuna mpenzi wa taarab anayeona aibu katika hilo. Wenye akili huona humo nusu ya utamu wenyewe.

Kinshasa nako wana kutuza kwao. Huitwa libanga, yaani jiwe, na wingi wake mabanga. Mwimbaji katikati ya wimbo wa mapenzi hutupa jina la mtu, mfanyabiashara wa almasi, mwanasiasa, Mkongomani aishiye Paris au Brussels, naye mwenye jina hulipa. Zipo rekodi za miaka ya 1990 na 2000 ambazo majina hufuatana kwa makumi hata msikilizaji mgeni akadhani anasomewa daftari la wageni waalikwa. Wapo waliolalamika kwamba mabanga yameua ushairi wa rumba, na lawama hiyo haikosi ukweli, kwani ubeti uliosheheni majina hauna nafasi ya kupumua. Lakini libanga lina sifa moja ambayo haikutajwa vya kutosha: jina linalotupwa ni la mtu.

Hapo ndipo mizani inapoanza kuegemea upande. Sifa ya mtu ilikuwa na kamba. Aliyeitwa karimu mbele ya watu mia tano hakuweza asubuhi yake kumfukuza maskini mlangoni pake bila mji kucheka. Sifa ilimfunga msifiwa, ilimwekea kipimo ambacho watu wangempimia siku zote. Ndiyo maana watawala waliwalisha washairi na papo hapo wakawaogopa. Sifa na kashfa zilikaa katika mkoba mmoja, na aliyejua kutoa hii alijua kuitoa na ile. Malenga aliyesifu kwa ujira hakuwa lazima mwongo. Mara nyingi alikuwa kama mtu anayemvisha mwenziwe kanzu kubwa kuliko mwili wake na kumwambia: ikulie.

Pingamizi lipo, tena limetajwa tayari. Mobutu alisifiwa kuliko mtu yeyote wa zama zake, na sifa hazikumfunga mkono hata mmoja. Ni kweli. Kamba ya sifa haimzuii mwenye mabavu kutenda dhuluma. Lakini alipoanguka, sifa zile ziligeuka ushahidi. Kila wimbo uliomwita baba ulimuuliza amewaachia nini watoto. Leo mtu akiusikiliza wimbo wa Franco wa mwaka 1984 hawezi kuusikiliza bila kumkumbuka aliyesifiwa na nchi aliyoiacha. Msifiwa aweza kukimbia nchi asiweze kuikimbia sifa.

Chupa haina uso wa kuona haya. Ukiita bia rafiki, ndugu, fahari ya taifa, haitabadilika hata tone, wala haitafanya jambo lolote ambalo rafiki au ndugu hulazimika kulifanya. Na walio nyuma ya chupa, ambao ni watu wenye nyuso na majina, hawakutajwa katika wimbo. Kwa hiyo sifa haiwafungi. Hapa kosa la mwimbaji linaanza kuonekana umbo lake. Kupokea ujira si kosa, na huenda hata chumvi aliyoitia katika maneno si kosa, maana sifa isiyo na chumvi haijapata kutungwa. Kosa ni kuitoa sifa, ambayo kwa asili yake ni ahadi inayodaiwa, na kuielekeza kwa kisichoweza kudaiwa.

Pana mfano kutoka mashariki ya Kongo, katika nchi ya Waswahili wa huko. Kampuni ile ile ya Bralima ilikuwa na kiwanda Bukavu. Kati ya mwaka 1999 na 2003, eneo hilo likiwa mikononi mwa waasi, wafanyakazi wengi wa kiwanda hicho walipoteza kazi. Mwaka 2015 wafanyakazi wa zamani 168 walipeleka malalamiko yao hadi Uholanzi, kwenye ofisi inayosimamia miongozo ya mwenendo wa makampuni ya kimataifa, wakidai kwamba waliachishwa isivyo haki wakati wa vita. Mwaka 2017 pande mbili zilifikia makubaliano, na shauri likafungwa. Katika miaka hiyo hiyo ya vita na iliyofuata, upande wa magharibi wa nchi hiyo hiyo, jina la Primus lilikuwa likipaa hewani juu ya magitaa matamu. Si haki kumtaka mwimbaji wa Kinshasa ajue yanayotendeka katika kila kiwanda. Lakini lau angekuwa amemsifu mtu, watu wa Bukavu wangekuwa na mlango wa kubisha: wewe uliyesikika ukiitwa mkarimu, mbona sisi hukutukirimu? Waliosifiwa hawakuwa na mlango. Madai yakasafiri kwa karatasi hadi The Hague.

Mtetezi wa mwimbaji hatanyamaza, wala hapaswi kunyamaza. Atasema kwamba hoja hizi ni za walioshiba. Kodi ya nyumba hulipwa mwisho wa mwezi, ala za muziki hununuliwa ng'ambo, rekodi huibwa na kunakiliwa kabla wino wa jalada haujakauka, na katika mji ambao msikilizaji wa kawaida hana nauli ya daladala, nani atalipa kiingilio? Kampuni ya bia ilileta jukwaa, vipaza sauti na umeme, na watu walisikiliza bure. Mwenye shaka na uzito wa hoja hii na aitazame filamu ya Félicité ya Alain Gomis, iliyotoka mwaka 2017 na kupata tuzo ya pili kwa ukubwa katika tamasha la Berlin. Félicité ni mwimbaji wa baa Kinshasa. Usiku anaimba mbele ya meza zilizojaa chupa, na waliolewa wanapigana, na noti zinabandikwa pajini mwa uso wake. Mwanawe anapata ajali ya pikipiki na hospitali inataka fedha kabla ya kumpasua mguu. Sehemu kubwa ya filamu ni mwanamke huyo akitembea mji mzima kudai na kuomba, mlango kwa mlango, kwa wadeni, kwa jamaa, kwa tajiri asiyemjua. Sauti iliyowafurahisha mamia haina akiba ya kumwokolea mtoto mguu. Angetokea mtu wa kampuni na mkataba wa bia mkononi, nani angethubutu kumwambia asitie saini?

Hakuna wa kumwambia. Dharura huruhusu mengi, na hili ni mojawapo. Lakini dharura huruhusu kitu bila kukibadilisha jina. Na mahodari waliokuwa wakipata mikataba minono hawakuwa akina Félicité, walikuwa wale ambao tayari wana magari. Udhamini, kama mvua ya vuli, huanguka zaidi panapotota.

Upo pia ushahidi wa kuchekesha, unaowatetea waimbaji kuliko hoja yoyote. Mwaka 1973 Franco alitunga wimbo wa Azda, na Azda ilikuwa kampuni ya kuuza magari ya Volkswagen nchini Zaire. Ulikuwa tangazo la biashara tangu mwanzo hadi mwisho, nalo lilichezwa katika harusi za Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine chungu nzima na watu wasiojua kuwa wanacheza tangazo, wengi wao wasiotazamia kumiliki gari lolote. Muziki uliimeza biashara ikabaki mifupa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba ujira huharibu wimbo. Huenda kinyume chake ndicho cha kutia wasiwasi: wimbo ukiwa mzuri kweli, msikilizaji hapati nafasi ya kujua ameuziwa nini. Gari hata hivyo hulihitaji wachache, na anayelinunua hulinunua mara moja. Bia hununuliwa leo, na kesho, na mwenye kuinunua kila siku ndiye mteja anayetafutwa. Mzaha wa Azda hauna mtu unayemwacha njaa nyumbani.

Kwa upande wa Afrika ya Mashariki mgema amekuwa na adabu zaidi. Hakuomba asifiwe kwa maneno. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 2006, shindano la kutafuta vipaji vya uimbaji lililooneshwa katika televisheni lilibeba jina la Tusker. Rwanda walikuwa na Primus Guma Guma Super Star kuanzia mwaka 2011 hadi 2018. Na Tanzania, kwa miaka mingi hadi mwaka 2015, Tuzo za Muziki zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro, na ndani yake kikiwamo kipengele cha taarab.

Kipengele hicho kinastahili kutazamwa zaidi kuliko kilivyotazamwa. Achukuliwe mwimbaji wa taarab asiyekunywa, binti wa nyumba ambayo chupa haijapata kuvuka kizingiti chake. Ameimba miaka 20, hajapata hata mara moja kuitwa jukwaani kupewa heshima na taifa. Siku hiyo anaitwa. Hakuna anayemwambia asifu chochote. Anatakiwa tu asimame, apokee, ashukuru, na nyuma yake pana pazia lenye jina la bia lililoandikwa mara 40. Picha inapigwa. Je, amesema uongo? Hakusema neno. Je, ametoa sifa? Jina lake na jina lile yatakaa katika picha moja muda wote picha itakapokuwapo, na wala si yeye aliyelipwa kwa picha hiyo.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jepesi kuliko libanga, kwa kuwa sauti yake imebaki safi. Ni vigumu kukubaliana nao. Neno tuzo latokana na kutuza, na kutuza kulikuwa tendo la aliyesikia. Yule mwanamke aliyecheza hadi jukwaani na noti yake aliusikia ubeti, ukamchoma, akainuka. Watu walimwona mkono, wakamwona uso, wakaelewa anamjibu nani. Aliyetoa tuzo yenye jina la bia hakuinuka kwa sababu ya ubeti. Angetoa hata kama ubeti usingekuwapo, mradi kamera ziwepo. Kimehamishwa kitu kikubwa hapo, nacho ni haki ya msikilizaji ya kuwa mwenye shukrani. Mnywaji wa Kinshasa alivuliwa uhakimu wa ulimi wake, na mpenzi wa taarab amevuliwa uhakimu wa sikio lake, naye hakuhisi kwa kuwa alikuwa akipiga makofi.

Mwimbaji yule angefanyaje, basi? Kumtaka aikatae tuzo ni kumbebesha yeye peke yake mzigo ambao wizara, vyombo vya habari na matajiri wa visiwani wasiokunywa waliutua zamani. Tajiri anayekasirika kwa kuliona jina la bia juu ya taarab na aulizwe kwanza amewahi kumlipia mpiga ganuni nyuzi za ala yake. Walioiacha sanaa bila mlezi hawana uso wa kuichagulia mlezi. Aichukue tuzo yake. Kinachoweza kutakiwa kwake ni kidogo zaidi na kigumu zaidi, nacho ni kwamba asimpe mtoaji kile ambacho hakukilipia: asirejee nyumbani na kutunga wimbo wa kushukuru.

Kwani baa haimlazimishi mtu kuisifu. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947 na kuhamia Dar es Salaam mwaka 1978, alipiga muziki wake na Orchestra Matimila katika kumbi na baa ambazo fedha yake yote ilitoka katika kreti za bia. Wanywaji walilipa, naye akawaimbia juu ya umaskini, juu ya maradhi, na katika wimbo wake wa Kifo, juu ya kifo chenyewe, mbele ya watu waliokuwa wamekuja kusahau hasa mambo hayo. Walisikiliza glasi zikiwa mkononi. Wengine walilia. Mwisho wa maisha yake aliingia kanisani na kuimba nyimbo za dini, akafariki Desemba 2010. Mtaani Sinza, alikokuwa akiishi, kituo cha daladala kikapata jina: kwa Remmy. Halikubandikwa na kampuni yoyote wala hakuna aliyelilipia. Makondakta walianza kuliita tu, dirishani, vumbi likiwaingia kinywani, na abiria wakajua pa kushukia.